Bamba la Kisaju

Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi kule Industrial Area, Nairobi, ilipofungwa, nilirudi nyumbani Kitengela na katoni yenye kikombe, sweta na viatu vya akiba, pamoja na mwili ambao hakuna aliyeuambia kwamba kazi imeisha. Kungali giza uliamka wenyewe, ukataka kuoga, ukataka kuvaa. Mume wangu bado alikuwa akienda Nairobi kila siku. Nilimpikia chai, nikamfungulia geti, nikalifunga, kisha nikabaki nimesimama uani bila kujua pa kupeleka mikono.

Wiki za kwanza nilihamisha viti vya sebuleni mara nyingi hivi kwamba watoto walikuwa wakijigonga. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa na uchafu. Nikitoka kununua sukuma wiki nilirudi kwa njia ndefu ya barabara ya Namanga, nikiwatazama watu waliosimama stejini wakingoja magari kwenye baridi, na nikawaonea wivu hata ule usingizi uliokuwa machoni mwao. Mume wangu aliniambia nipumzike, kwamba nimefanya kazi miaka mingi na hakuna anayenidai chochote. Alisema kwa wema, nami nilijua ni wema, lakini kila alipolitamka neno hilo, kupumzika, nilihisi kama nimekalishwa kwenye benchi la hospitali.

Chini ya nyumba tuliyopanga kuna maduka yanayotazama barabara, na moja ni la jirani yangu, mama wa Garissa anayeuza madera na mitandio. Yeye huniita walal, neno la kwao la kumwita ndugu. Mimi humwita jirani. Wateja wake hawaji mpaka jua liwe juu, kwa hiyo asubuhi sote wawili hatukuwa na la kufanya, ila yeye alijua kukaa. Aliketi kwenye stuli mlangoni, mikono imetulia mapajani, huku mimi nikienda na kurudi mbele yake nikizungumza.

Siku moja nilimwambia kwamba wale watu wa stejini wanaenda kazini na njaa, na wachache wanaokula wananunua mandazi ya jana. Nilitaka kuwapikia chapati na mayai ya moto pale mbele ya duka lake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza ningepikia nini. Nikasema jiko la makaa na kikaango. Akatikisa kichwa. Mtu anayesubiri gari, alisema, hawezi kungoja chapati moja moja. Tunahitaji bamba pana la chuma lenye moto wa gesi chini yake, la kupikia nje, ambalo chapati kadhaa na mayai vinaiva kwa pamoja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba amesema "tunahitaji". Yeye angemimina anjera upande mmoja, zile chapati zao laini zenye vitundu ambazo kwao ndizo kifungua kinywa, na mimi ningekuwa upande wa pili.

"Lakini nguruwe hapana," akasema. "Soseji ya nguruwe ikigusa hapo, watu wangu hawatakula. Na mimi sitakula."

Nikamwambia hilo halina shida. Mimi hata soseji sikuwa nimezifikiria.

Kesho yake tulikwenda kwenye duka moja la vifaa vya hoteli hapo Kitengela. Walikuwa na jiko la bamba la mabomba mawili ya moto, dogo, zuri, kwa elfu ishirini na tatu. Muuzaji aliliwasha ndani ya duka na moto ukakaa sawasawa, wa buluu, kama ulivyo kwenye picha. Mimi nilikuwa nimeshafungua pochi. Jirani akamwomba muuzaji alitoe nje.

Kitengela imekaa wazi. Upepo unatoka kule mbugani na hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia, unakuja moja kwa moja na vumbi lake. Muuzaji alilibeba lile jiko hadi kwenye veranda akinung'unika kidogo, akaliwasha. Moto ukainama. Ukageuka manjano, ukacheza, kisha bomba la upande wa barabara likazimika huku gesi ikiendelea kutoka, na harufu yake ikatufikia puani. Jirani alikusanya buibui lake akarudi nyuma. Muuzaji alifunga mtungi, akasema fundi yeyote anaweza kutuchomelea vibati vya kukinga upepo. Nikageuka kumwambia jirani kwamba hilo ni jambo dogo, tulichukue tu twende, nikakuta ameshaweka mkono wake juu ya pochi yangu.

"Walal, bado," akasema.

Nilikasirika. Sikusema, lakini nilitembea mbele yake njia nzima.

Duka la pili lilikuwa lile jipya kubwa lenye sakafu inayoteleza. Kule tuliona jiko la kutoka ng'ambo, na nakiri kwamba nililipenda kama watu wanavyopenda gari. Lilikuwa na mabomba manne, kila moja na kitufe chake, ili upande mmoja uwe na moto mkali wa anjera na mwingine moto mdogo wa kuweka chapati zisipoe. Lilikuwa na kuta fupi za chuma pande tatu za kukinga upepo, trei ya kupokea mafuta, kibao cha kukatia vitunguu na magurudumu. Liliwaka kwa kubonyeza tu, bila kiberiti. Bei yake ilikuwa elfu themanini na tano. Kijana wa pale akasema tunaweza kulipa polepole kwa miezi, na akaeleza nyongeza itakuwa kiasi gani. Jirani akamshukuru, akaniambia nje kwamba yeye riba haingii, na kwamba hata kama ingekuwa halali, jiko la bei hiyo litatufanya tuwe watumwa wake.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta kwenye simu. Nilitafuta nikipika, nikatafuta nikimsubiri mtoto nje ya shule, nikatafuta kanisani wakati wa matangazo. Nilijifunza kwamba bamba jembamba hupata moto upesi lakini hupinda katikati, na mayai yote yakakimbilia bondeni. Bamba nene hula gesi kabla ya kupata moto, lakini likishapata halishtuki ukiliwekea chapati nyingi mbichi kwa mara moja. Nilijua tofauti ya chuma cheupe kisichoshika kutu na chuma cheusi kinachotaka kupakwa mafuta kila siku kama ngozi ya mtoto. Jioni nilimweleza mume wangu haya yote mezani. Alikula, akasikiliza, mwishowe akasema, "Sijakuona ukikaa tangu tuanze kula." Nikajitazama. Kweli nilikuwa nimesimama, sahani mkononi.

Tangazo la Kisaju nililiona kwenye lile kundi la simu ambalo watu wa huku huuziana vitu. Picha ilionyesha jiko lile lile la duka kubwa, au ndugu yake, likiwa chini ya mwanzi kwenye uwanja wa nyasi. Mabomba manne, kuta za upepo, magurudumu. Elfu thelathini na tano. Nilipiga simu kabla sijamaliza kusoma. Mama aliyepokea alikuwa na lafudhi ya kwetu, ya magharibi, na tulipotambuana tukaacha Kiswahili tukaongea kwa dakika chache kama watu waliokutana sokoni nyumbani. Akasema tuje Jumamosi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba nisishangae mzee akiongea sana.

Tulikwenda na pikapu ya kaka yake jirani, kaka mwenyewe akiendesha, sisi tumebanana mbele. Ilikuwa nyumba ya mawe iliyozungukwa na ukuta, na nje ya ukuta ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakipita polepole kuelekea maji. Mama alitufungulia geti. Mzee wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya lile jiko, ameshavaa aproni.

Alikuwa mtu mkubwa, mstaafu wa benki, na ilionekana kwamba zamani alikuwa mkubwa zaidi. Ugonjwa wa kiharusi ulikuwa umempiga upande wa kulia. Mkono ule ulilala mapajani, na uso wake ulicheka nusu. Kwenye kigasha cha mkono huo kulikuwa na kovu jipya la moto, refu, la waridi. Mama aliona nikilitazama. Tulipokwenda jikoni kuchukua vikombe akanieleza. Upande ule hausikii joto. Mzee alikuwa ameegemea bamba akigeuza nyama, na mkono ukakaa pale ukiungua bila yeye kujua, mpaka mke wake aliposikia harufu kutoka ndani ya nyumba. Tangu siku ile huyu mama hakuwa na amani. Akienda dukani anarudi mbio. Akiwa kanisani anawaza mzee yuko wapi.

"Mimi sitaki pesa," akaniambia. "Nataka hii kitu itoke hapa."

Nje, mzee alikuwa ameanza. Alimwonyesha jirani kila kitu kwa mkono wa kushoto: jinsi trei inavyovutwa, jinsi ya kufunga magurudumu, jinsi alivyobadilisha regulata ya gesi ya ng'ambo akaweka inayokubali mitungi yetu ya kawaida. Aliwasha kwa kubonyeza. Upepo ulikuwa ukivuma uleule wa kwetu, nyasi zote zimelala, na moto haukutikisika. Nilihisi mwili wangu wote ukisema ndilo hili. Mzee alimwaga mafuta, akapasua mayai kwa mkono mmoja, moja baada ya jingine, bila ganda hata moja kuangukia ndani, na alipoyageuza hakuyavunja. Mke wake alikuwa amesimama karibu naye, upande wa kulia, karibu kabisa, kama mtu anayemlinda mtoto kando ya kisima.

Tukapewa sahani. Nilikuwa nimeshaanza kula. Jirani alishika yake bila kuigusa.

"Mzee," akasema, "naomba kuuliza. Hapa umepika nyama gani?"

Mama akajibu haraka kwamba jiko limeoshwa, limeoshwa vizuri sana. Mzee alimtazama mke wake, kisha akamtazama jirani na mtandio wake, na nadhani ndipo alipoelewa. Alizima moto, bomba moja moja.

"Kila Krismasi nimepika nguruwe hapo," akasema. "Wageni wangu walikuwa wanapenda. Siwezi kukudanganya, mama."

Jirani akamshukuru. Aliweka sahani mezani taratibu, akaisogeza kidogo ili isiwe ukingoni, akaketi. Mimi nilikuwa na yai mdomoni na sikujua kama nimeze. Kaka yake jirani alitoka nje kuangalia magurudumu ya gari ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Tulipokuwa tukirudi jirani aliniambia kwamba bamba lile linaweza kuoshwa, dini haijafunga mlango, na angeweza kumuuliza sheikh na sheikh angemweleza namna. Lakini wateja wake hawangemuuliza sheikh. Wangeulizana wao kwa wao. Habari ingefika mtaani kabla ya anjera ya kwanza.

"Wewe nunua," akasema. "Ni jiko nzuri. Mimi nitakaa kando, na hatutakosana."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililonisumbua. Angenikasirikia ningekuwa na kitu cha kushikilia. Siku zilizofuata nilitembea Kitengela nzima. Nilipita kwenye lile duka la kwanza nikalitazama lile jiko dogo kupitia kioo. Nilipiga hesabu ya kununua la Kisaju na kupika peke yangu, na kila hesabu ilitoka vizuri, mpaka nilipofikiria ile stuli ya mlangoni pa duka na yeye ameketi hapo akinitazama nikiwapikia watu. Nikirudi nyumbani nilimkuta mume wangu amesharudi na watoto wamekula, na hakuna aliyeniuliza nilikotoka. Mama wa Kisaju alinitumia ujumbe: kuna mtu wa Isinya anakuja kuliona, nimwambie nimeamua nini.

Nikapiga simu kumwambia hapana. Mzee ndiye aliyepokea. Nilimweleza ukweli, kwamba jirani hawezi, na mimi bila yeye sitaki.

"Lakini bamba inatoka," akasema.

Sikuelewa. Akaeleza polepole, maneno mengine yakimkwama. Lile bamba halijashikizwa na kitu. Limelala tu juu ya fremu, watu wawili wanaliinua. Moto, mabomba, miguu, kuta, hivyo vyote havijawahi kugusa nyama, na vikisuguliwa kwa maji na sabuni jirani mwenyewe ataona. Tuchukue hivyo, tukachongeshe bamba letu jipya, la unene tunaotaka. "Na hii yangu mniachie," akasema. "Mnipunguzie bei ya bamba, lakini mniachie."

Nilimpelekea jirani maneno hayo nikiwa ninakimbia kwenye ngazi. Alikuwa akimfungia mteja dera kwenye mfuko. Alimaliza, akarudisha chenji, akamsindikiza hadi mlangoni, nami nikingoja huku nikitafuna kidole. Akaniuliza kama nimesikia vizuri, kwamba bamba linabaki. Nikamwambia linabaki. Akaniuliza mzee atalifanyia nini. Sikujua. Akafikiri, kisha akasema twende tuone hizo bomba na macho yetu.

Tulizisugua sisi wenyewe pale Kisaju, kwenye nyasi, kwa brashi na maji mengi, yeye akisoma dua zake kimoyomoyo, mimi nikimwaga. Mama alituletea maji ya moto kutoka jikoni tena na tena. Sijaona mtu akibeba sufuria kwa furaha namna ile. Mzee aliketi veranda na bamba lake limeegemezwa ukutani kando yake. Kwa kuwa halikuwa na moto chini, mke wake hakuwa na neno nalo. Alinieleza baadaye kwenye simu kwamba mzee hulipaka mafuta kila wiki lisishike kutu, na kwamba yeye amezoea kulipita kama anavyopita kochi.

Bamba letu tulichongeshewa Kiserian, kwa fundi wa mageti ambaye kaka yake jirani alimfahamu. Lilitoka nene na zito, la chuma cheusi, lakini alikuwa amesahau kutoboa tundu la kupitisha mafuta, ikabidi tulirudishe, na mimi nikamsimamia akitoboa hadi jirani akanivuta tukanywe chai. Nyumbani tulilipaka mafuta na kulichoma, tukalipaka na kulichoma, mpaka likawa jeusi linalong'aa na ngazi nzima ya wapangaji ikalalamika moshi.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa nje kungali kunapambazuka. Watu wa stejini walitupita wakitutazama kando. Kisha mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Mashuuru, shuka begani, akasimama, tukasalimiana kwa Kimaasai, sopa, ipa, akataka mayai mawili ndani ya anjera, kitu ambacho sisi hatukuwa tumekifikiria. Alikula amesimama, akataka kingine. Hapo foleni ikaanza. Mume wangu alikuwa ndani yake. Alikuwa ameondoka nyumbani bila chai, ndipo nikatambua, na alipofika mbele alilipa kama wengine, na mimi nikapokea.

Sasa tunapika siku zote isipokuwa Jumapili na Ijumaa. Siwezi kusema nimetulia. Chapati zikiisha nataka kusukuma nyingine, zisipoisha nataka kujua kwa nini, na juzi nimemuuliza jirani kama tusijaribu siku ya soko kule Kiserian, akaniangalia tu. Upepo ukivuma sana bado nainama kutazama moto chini, ingawa haujazimika hata siku moja.

Mwezi uliopita yule mzee wa Kisaju alikuja Kitengela kwa daktari, na mke wake akamleta kwetu. Tulimwekea kiti ili mkono wake wa kulia uwe mbali na joto. Aliliangalia bamba letu kwa muda, akaligonga na fimbo yake akisikiliza mlio, akaonekana kuridhika. Jirani alimpa anjera na asali. Mimi nilikuwa na chapati nne motoni na watu wanangoja.

"Unageuza mapema," akaniambia. "Wacha ishike kwanza."

Nikamwambia ndiyo, mzee, na nilipotazama, mkono wangu ulikuwa umeshaigeuza.